Kutoka jukwaani hadi kufundisha baleti: anza sasa

Dada, umeuliza kama umechelewa kugeukia ualimu na utunzi wa dansi, maana goti linakusumbua na nafasi za mbele jukwaani zinapungua. Hujachelewa hata kidogo. Agrippina Vaganova, mchezaji baleti wa Urusi, aliacha jukwaa mwaka 1916, akiwa ameshavuka miaka 35, kisha akawa mwalimu ambaye mbinu zake zinafuatwa mpaka leo katika nchi nyingi.

Ila kucheza vizuri na kufundisha vizuri ni kazi mbili tofauti. Mwili wako unafanya plie, yaani kukunja magoti yakielekea nje, bila kufikiri. Mwanafunzi hajui hata aanzie wapi. Mtazame akikunja magoti: mara nyingi magoti yanaingia ndani na unyayo unalala upande wa kidole gumba. Ukimwambia "sukuma magoti nje" atalazimisha goti na kujiumiza. Mwambie azungushe paja kuanzia kwenye nyonga, goti lielekee vidole. Hapo ndipo ualimu ulipo, na unajifunzwa. Omba kumsaidia mwalimu mzoefu sasa, ukiwa bado unalipwa na kampuni, na usome anatomia kwa dhati. Mafunzo ya ualimu yenye cheti, kama ya Royal Academy of Dance, taasisi ya Uingereza ya mafunzo ya dansi, yatakufungulia milango.

Utunzi anza na kitu kidogo: wachezaji wawili, dakika tatu, muziki ulio na haki ya kuutumia. Rekodi kila toleo. Na hilo goti, tafadhali, mwone daktari wa michezo kabla ya msimu mpya.