Ulijua, Ukaniacha Niombe

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Je, mwandishi wa tamthilia ana haki ya kumuua mhusika anayependwa na watazamaji?"

Hapana. Nilikuwa nimeandika neno hilo moja, nikaona limetosha, nikaenda kuchemsha chai. Chai imeiva, nimeinywa, na bado nina hasira ya mwaka 2017. Kwa hivyo mnipe nafasi kidogo.

Nazungumzia Nashville, ile tamthilia ya Kimarekani ya waimbaji wa muziki wa country iliyoanza Oktoba 2012, kazi ya Callie Khouri. Kwa ambao hawakuiona: kuna Rayna Jaymes, malkia ambaye soko limeanza kumpa kisogo, na Juliette Barnes, msichana anayekitaka kiti chake. Kati yao yuko Deacon, mpiga gitaa aliyempenda Rayna miaka yote na kupenda chupa karibu kiasi hichohicho. Runinga ya ABC iliifuta Mei 2016. Watazamaji wakapiga kelele dunia nzima, na mwezi uliofuata runinga nyingine, CMT, ikaichukua. Tukashangilia. Kisha tarehe 23 Februari 2017, katika sehemu ya tisa tu ya msimu uleule tulioupigania, wakamuua Rayna. Yaani umsaidie mtu kumtoa ng'ombe wake mtoni, kisha amchinje palepale ukingoni akikutazama.

Watu wa Nyeri, Nyahururu na Nakuru hawahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili lilituuma. Wa Pwani mtuvumilie. Huku kwetu kuna watoto waliojua maneno ya Kenny Rogers kabla ya kujua wimbo wa taifa, kwa sababu dereva wa matatu ya shule alikuwa na kaseti moja tu. Sir Elvis, mwimbaji wetu wa country, akipanda jukwaani na kofia yake pana na kuimba kama mtu wa Tennessee, hakuna anayeuliza Mkenya anatafuta nini huko. Muziki ule unahusu shamba, mama, kanisa, pombe na mtu aliyeondoka bila kuaga. Hapo Ol Kalou, Nyandarua, pana kipi kingine?

Ol Kalou ndiko anakokaa tata, dada mkubwa wa mama yangu. Kiingereza chake ni cha Jim Reeves, yule mwimbaji wa country wa Marekani. Simaanishi anakiongea kama Jim Reeves. Namaanisha kwamba maneno yote ya Kiingereza anayoyajua ameyatoa kwenye nyimbo zake, kwa hivyo anaweza kuaga mpenzi na kumwomba Mungu msamaha, lakini hawezi kuuliza bei ya viazi. Alimpenda Jim Reeves redioni tangu akiwa msichana. Marehemu mume wake, ambaye sote tulimwita Mwalimu, ndiye aliyemwambia, wakiwa tayari na watoto wanne, kwamba mwimbaji huyo alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Nashville mwaka 1964, hata Kenya haijawa jamhuri. Tata alikuwa amependa sauti ya maiti miaka yote hiyo. Na Mwalimu alikuwa akijua tangu siku ya harusi. Tata husimulia kisa hiki akicheka, lakini kile kipande cha Mwalimu kujua hakimchekeshi sana.

Basi nikawa namletea Nashville kutoka Nakuru, diski za hamsini hamsini za duka la muvi, na kila likizo tunakaa mimi na yeye, yeye akishona vitambaa vya kochi, mimi nikitafsiri. Sikutafsiri kila kitu. Deacon alipotukana nilisema "amekasirika." Tata alikuwa na maoni yake kuhusu kila mtu. Deacon alipougua saratani ya ini na dada yake akampa kipande cha ini lake na kufa, tata aliacha kushona kwa siku mbili. Juliette naye, tata alimwona kama mtoto asiye na mtu wa kumkanya, na ndege yake ilipopotea mwishoni mwa msimu wa nne, tata alimzika hapohapo. Jim Reeves ilikuwa ndege, mwimbaji mwenzake Patsy Cline mwaka mmoja kabla yake ilikuwa ndege, wacha na huyu. Akaja kupona.

Pasaka ya 2017, mwaka ule wa unga kupanda bei, nikapanda matatu na diski ya msimu wa tano mkobani. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shida yangu. Mimi nilikuwa najua. Februari nilikuwa nimefungua simu kazini, nikakuta watu wa Marekani wanalia mtandaoni kama wamefiwa na mama yao. Nilijua ni nani, nilijua sehemu gani, nilijua hata mabinti wangemwimbia. Njiani nzima nilijiuliza kama nimwambie. Nikaamua nisimharibie utamu.

Jumamosi jioni tukaanza. Sehemu ya nane, yule mwanamume anayemfuatilia Rayna anamshika kwa kisu ofisini kwake. Tata anaomba kwa sauti. Rayna anamtuliza, polisi wanafika, ameokoka. Tata anapumua. Anapanda gari la polisi apelekwe, na gari lingine linawagonga. Tata akasema neno la Kikuyu ambalo sitaliandika wiki ya Pasaka wala wiki nyingine.

Sehemu ya tisa. Rayna yuko hospitalini, amefungwafungwa, lakini anaongea. Deacon yuko pembeni yake. Na hapo diski ikakwama. Uso wa Rayna ukagawanyika vipande vya mraba, mdomo juu, jicho pembeni, sauti ikawa inarudiarudia silabi moja kama mbuzi. Tukaitoa, tata akaifuta kwa ncha ya sweta, tukairudisha. Mbuzi yuleyule. Tukaipulizia pumzi. Tukazima stima tukawasha. Saa nne usiku tukakubali kushindwa.

"Atapona?" tata akaniuliza.

"Sijui, tata. Tutaona kesho."

Ni sentensi ndogo. Nimewadanganya watu mambo makubwa zaidi, wenye nyumba hasa, na sijawahi kuikumbuka hata moja.

Kabla ya kulala tata huomba kwa zamu, kuanzia kanisa, kisha serikali, kisha wagonjwa. Nilikuwa nimefumba macho. Akamwombea jirani aliyevunjika mguu. Akamwombea ng'ombe wake aliyekuwa na kiwele kilichovimba. Kisha, kwa sauti ileile, bila kucheka, akasema, "Na mama yule Rayna, Bwana, na wasichana wake wawili, uongoze mikono ya madaktari." Mimi nikasema amina.

Asubuhi mtoto wa jirani akatufundisha kusugua diski kwa dawa ya meno, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Ilikuwa saa kumi na mbili, bado giza, baridi ile ya Nyandarua inayoingia kwenye magoti, na ndoo ya maziwa imeshafunikwa mlangoni ikisubiri gari la saa kumi na mbili unusu. Tata akasema tutazame kidogo tu, tujue mgonjwa amelalaje. Diski ikakubali, chumba kizima kikinuka minti.

Rayna anaongea. Anatabasamu. Tata ananigusa goti: unaona? Na mimi nimeshaanza kulia.

Nililia mapema, ndugu zangu. Hilo ndilo kosa lililonifichua. Tata akageuka akanitazama vizuri. "Unalilia nini na mgonjwa anaongea?"

Sikupata jibu. Tukaendelea kutazama, yeye jicho moja kwa runinga, jingine kwangu. Mabinti wakaanza kumwimbia mama yao pale kitandani, na tata, ambaye kwa miaka minne alikuwa akilia hata kwenye matangazo ya maziwa, hakutoa chozi. Akauliza, "Hospitali gani hii inaruhusu kuimba wodini?" Rayna akafa. Majina yakaanza kupanda.

"Ulijua."

"Tangu Februari."

"Na ukaniacha niombe." Akafunga kitambaa kichwani, akainama akashika ndoo. "Wewe na Mwalimu ni kitu kimoja."

Akatoka kupeleka maziwa. Hakunisemesha mpaka Jumatatu, na alichosema Jumatatu ni kwamba matatu za Nakuru hujaa mapema siku ya sikukuu.

Ninaposoma niliyoandika naona sijajibu swali lenu. Mliuliza kuhusu mwandishi, mimi nimeeleza kuhusu diski. Lakini miaka yote hii nimekuwa nikisema nawachukia waandishi wa Nashville, nimeapa mbele ya watu kwamba sitatazama dakika moja baada ya sehemu ile, na sasa hivi, kikombe kikiwa kimepoa, sina hakika hasira hiyo ilikuwa ya nani.

Tuseme ukweli. Connie Britton, aliyeigiza Rayna, alisema mwenyewe baadaye kwamba yeye ndiye aliyeamua kuondoka. Mwandishi afanye nini? Nilimpa tata swali hilo miezi kadhaa baadaye, tuliposameheana bila kusemezana habari yenyewe. Akafikiri. "Si wangesema ameenda Saudi?" Nikacheka, yeye hakucheka. Kwake lilikuwa jambo la kawaida: mama anaondoka, watoto wanabaki na baba, pesa zinakuja au haziji, na mtu anaweza kurudi. Nikamwambia basi watu wangemngoja kila wiki. Akasema kungoja si kubaya.

Lakini nadhani hapo ndipo mimi na yeye tunatofautiana, na hapo ndipo nimebadilika kidogo tangu nianze kuandika. Kumngoja mtu asiyerudi, wakati mwigizaji ameshafungasha na kila mtu studio anajua, huko kungekuwa kutufanyia sote vile nilivyomfanyia tata usiku ule wa Jumamosi. Afadhali kifo. Angalau waandishi walituambia.

Ingawa si kifo kile. Hapo sirudi nyuma. Kumwokoa mtu kwenye kisu, kutupa nafasi ya kupumua, kisha kumgongesha gari la kupita tu, huo ni uvivu, na aliyeuandika anajua ni uvivu. Wangechagua kisu au gari. Tata naye anasema ajali ziko hivyo hasa, na yeye amezika wengi wa barabara ya Gilgil kuliko mimi, kwa hivyo hata hapo sijui kama nina sauti.

Kiapo changu nilikitimiza. Yeye aliendelea. Yule mtoto wa dawa ya meno akawa mkalimani wake kwa malipo ya maandazi, na akatafsiri matusi yote, maana baadaye tata alinieleza Deacon alisema nini hasa msimu wa pili. Tamthilia iliisha Julai 2018, na diski ilipofika Ol Kalou siku zake, tata akanipigia simu saa tatu usiku, jambo ambalo hafanyi isipokuwa kuna msiba.

"Rayna amerudi."

Nilikuwa najua hilo pia. Nilikuwa nimesoma: Britton alirudi katika sehemu ya mwisho, kumbukumbu fupi tu ya zamani, kisha waigizaji wote na hata mafundi wa kamera wakapanda jukwaani kuimba pamoja.

"Ni kumbukumbu, tata," nikasema. "Ni ya zamani. Nilisoma."

Kimya. Nikasikia runinga yake nyuma, gitaa.

"Umeanza tena," akasema, akakata simu.

Kwa hivyo mniandikie jibu langu hivi: ndiyo, mwandishi ana haki, ila asimuue kwa gari. Lile hapana la juu liacheni lilivyo, lilitoka kabla ya chai. Na kama kuna msomaji mwenye msimu wa sita ambao haujakwaruzwa, niko tayari kuununua, lakini usipelekwe Ol Kalou.

Msomaji wenu, Nakuru