Maswali Yenu: Animesheni inakimbia kwenye skrini nyingine

SWALI: Naandika laibrari ndogo ya grafiksi, nina klasi moja ya animesheni inayobeba picha zote na kuzicheza. Kwangu iko poa ila kwenye skrini ya rafiki yangu yenye hertz 144 (yaani inachorwa upya mara 144 kwa sekunde) inakimbia balaa. Nimekosea wapi?

JIBU: Bila shaka unasogeza picha kila skrini inapochorwa upya, sasa skrini ya hertz 60 inachora kila milisekunde 16.7 hivi na ya 144 kila 6.9, kwa hiyo lazima ikimbie mara 2.4. Tumia muda uliopita tangu mchoro wa mwisho, ujumlishe, ukifika muda wa fremu (picha moja ya animesheni) ndo usogee, na ule muda uliobaki usiufute, ubebe mbele, la sivyo animesheni itachelewa kidogo kidogo. Tena tumia while (inayorudia) sio if (inayofanya mara moja tu), maana programu ikikwama kidogo unaweza kuhitaji kuruka fremu kadhaa kwa mkupuo.

Ila kinachonisumbua zaidi ni hiyo klasi moja. Itenganishe jamani! Picha na muda wa kila fremu vikae kwenye klipu isiyobadilika, halafu mchezeshaji awe kitu kidogo tu chenye sekunde ya sasa, kasi, kama imesimama au la, na kama inarudia. Hapo hata maadui 100 kwenye gemu wanatumia klipu moja, kila mmoja yuko fremu yake. Kuchora mwachie mwingine kabisa, mchezeshaji aseme tu fremu ipi.