Kwa Injinia Kijana Anayetaka Kuongoza Miradi ya Ulinzi

Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) huniuliza mara kwa mara wasomee nini ili siku moja waongoze miradi ya ulinzi. Wengi hutegemea niseme rada, au droni. Mimi nimeishi kwa kuunganisha redio, antena na umeme kwenye magari ya doria, na sasa naongoza idara ya uhandisi wa mifumo. Ninachowajibu ni hiki: jifunze kusimama pale kifaa kimoja kinapokutana na kingine, maana pale huwa hapana mwenyewe.

Mtu wa redio anaijua redio yake, na wa gari analijua gari lake. Ni nani anayejua kitakachotokea dereva akiwasha kiyoyozi huku askari wa nyuma anazungumza redioni, na wote wanategemea betri moja? Jitwike swali hilo usingoje kutumwa. Ni volti ngapi zinapita hapo, ni plagi gani, ni upande upi unatuma ujumbe kwanza, na ujumbe usipofika itakuwaje. Yaandike yote, kisha pande zote mbili zitie sahihi. Karatasi za namna hiyo ndizo zilizonitoa kwenye benchi la maabara na kuniketisha kwenye mikutano ya wakubwa.

Kila anayeingia idarani kwangu namsimulia habari ya Dhahran, Saudia. Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud kutoka Iraki liliangukia kambi ya Wamarekani na kuua wanajeshi 28. Mtambo wa Patriot, wa kutungulia makombora angani, uliokuwa ukilinda eneo hilo haukurusha chochote. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde tangu ilipowashwa, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa sifuri na moja za kompyuta. Kikosa hicho kidogo kilijilimbikiza. Baada ya saa 100 hivi bila kuzimwa, hesabu ilikuwa imepotoka kwa theluthi moja ya sekunde. Kombora linalokwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde hupita nusu kilomita katika muda huo, kwa hiyo mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwapo.

Wengi huishia hapo wakamlaumu aliyeandika programu. Endelea kusoma. Patriot ilibuniwa kuhamahama na kufanya kazi saa chache kila inapowashwa. Vitani ikawekwa mahali pamoja, ikaachwa ikiwaka siku kadhaa. Waisraeli walikwisha kuliona tatizo na kulitolea taarifa tarehe 11 Februari. Tarehe 21 vikosi vikatumiwa onyo kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana huleta hitilafu, lakini onyo halikutaja saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha upya kungetosha. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo. Huwa naumia ninapofika hapa, kwa kuwa tarakimu moja katika onyo lile ingeweza kuwaokoa watu wale.

Basi hakikisha kila sharti unaloandika lina namba: nyuzi ngapi za joto, saa ngapi mfululizo, vumbi kiasi gani. Na namba hizo usizitoe ofisini. Maabara zetu ziko Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, penye baridi ya Julai. Vifaa vinakwenda kutumika Lodwar na Garissa, kwenye joto kali. Nenda huko. Sajini mmoja aliwahi kuniambia, "Injinia, hii sisi hatuzimi. Tukiizima usiku, asubuhi inachelewa kushika mawimbi, na doria haingoji." Karatasi zetu zilisema redio itazimwa kila jioni. Tulibadilisha mpango mzima wa betri kwa sababu ya maneno yake.

Ukishakuwa mkubwa, utachora kidogo na kusikiliza sana. Tatizo katika kazi ya jeshi ni vyeo: fundi mdogo hatampinga afande mbele za watu hata akiuona waya unaungua. Ndiyo maana katika mikutano ya kukagua mradi naanza kumuuliza wa cheo cha chini kabisa, na bosi anazungumza mwisho. Wengine hukasirika. Waache wakasirike.

Kujisajili na Bodi ya Wahandisi wa Kenya hakuhitaji maelezo mengi, fanya mapema.

La wasifu wa kazi lina uzito zaidi, kwa kuwa mengi uliyoyafanya hutaruhusiwa kuyasema. Eleza ukubwa wa tatizo: uliongoza watu wangapi, mifumo mingapi ilikutana mikononi mwako, majaribio gani uliyasimamia. Usitaje kikosi, kituo wala masafa ya redio. Nimewahi kumhoji mwombaji hodari sana aliyenitajia masafa ya mwajiri wake wa zamani ili anivutie. Sikumwajiri.