Picha za Maandamano ya Watu wa Asili: Maswali ya Wasomaji

Barua kuhusu kupiga picha za maandamano yanayoongozwa na watu wa asili zimetufikia nyingi, na karibu zote zinauliza lenzi gani inunuliwe. Tunaanza na ile ambayo haikugusa lenzi kabisa, maana ndiyo iliyouliza la msingi.

Swali: Wahariri, salaam. Rafiki yangu amenialika kwenye kambi ya watu wa asili wanaopinga bomba la mafuta lisipite kwenye ardhi yao. Kambi iko kando ya barabara ya umma. Barabarani si kila mtu anapiga picha? Ruhusa niombe ya nini, na kwa nani?

Jibu: Sheria ya barabarani inahusu wewe na askari. Haikufungulii lango la kambi. Na rafiki yako ni wa kukutambulisha tu. Ruhusa hatoi yeye.

Ruhusa hapa ni mbili. Ya kwanza ni ya mtu binafsi, kwa uso wake na maneno yake. Ya pili ni ya jamii, kwa mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyatoa hata akitaka: maombi, nyimbo za ibada, moto mtakatifu, mazishi, vitu vya wazee. Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linatambua katika ibara ya 31 haki ya jamii hizi kutunza na kudhibiti urithi wao wa kitamaduni. Tamko si sheria ya kukufunga, lakini hoja yake utaikuta langoni. Kule Standing Rock, Dakota Kaskazini, Marekani, kwenye maandamano ya mwaka 2016 dhidi ya bomba la mafuta la Dakota Access, waandishi walioingia kambi ya Oceti Sakowin walitakiwa kujiandikisha kwanza kwa wasimamizi wa habari, na ibada zilikuwa hazipigwi picha.

Kwa hiyo ukifika, kamera ibaki begini. Ulizia anayeshughulika na waandishi. Kama hayupo, ulizia mzee au kamati. Uliza mambo manne: wapi hapapigwi picha, nani hapigwi, picha zikienda gazetini nani aambiwe, na wao wapewe nakala lini. Majibu yaandike palepale. Ukimpiga mtu kwa karibu, mrekodi kwa sauti sekunde thelathini akisema jina analotaka litumike na mahali anaporidhia picha itokee. Fomu ya kurasa tatu katikati ya maandamano hakuna anayeisoma, na anayeisaini bila kuisoma hajaridhia chochote.

Watu wanapochemsha ni dakika kumi za kwanza: mtu anashuka garini, anaona kilemba cha manyoya, anabonyeza. Huyo hutolewa nje, na mpiga picha atakayefuata anakuta uso wa mbuzi.

Swali: Natumia kamera yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Mchana picha zinaungua kwenye nguo nyeupe na manyoya, usiku zinatikisika. Flashi inanisaidia kidogo. Nifanye nini?

Jibu: Flashi iache. Inaua mwanga wa moto na taa, inawashtua watu, na mbele ya kikosi cha askari inakutangaza ulipo.

Mchana, tatizo lako ni kamera kusoma uso mweusi au wa kahawia kisha kuongeza mwanga, manyoya meupe yakapotea. Piga faili ghafi za RAW (zinazohifadhi data yote ya kamera), punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga), kisha utazame grafu ya mwanga: ukingo wa kulia usigonge ukuta. Uso uliofifia kidogo unarudishwa kwenye kompyuta. Unyoya ulioungua haurudi. Kwa watu wanaotembea tumia kasi ya shata ya 1/500. Wanaocheza ngoma wanataka 1/1000, la sivyo mikono na pindo za nguo zitakuwa moshi.

Usiku lenzi yako haitoshi, kwa sababu ukiivuta tundu lake linajibana hadi f/5.6 (namba ikikua, tundu linapungua). Tafuta lenzi isiyovuta ya milimita 35 yenye f/1.8 au f/2. Iliyotumika pia inafaa. Anzia f/2, 1/125 na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 6400. Chenga zitakuwepo, na chenga hazijawahi kuharibu picha ya usiku kama unavyoharibu mtikisiko. Lenzi hiyo ina faida nyingine: kupata uso unaojaa fremu lazima usogee karibu kabisa na mtu, yaani lazima akuone na akukubali. Lenzi ndefu ya 70 hadi 200 ina kazi yake kwenye mstari wa askari, lakini ukiitumia ndani ya kambi unafanana na mpelelezi. Wala usilaumu wakikudhania hivyo.

Kuhusu baridi, tumeulizwa na wengine pia. Usiku wa tarehe 20 Novemba 2016, kwenye daraja la Backwater, walinzi wa maji wa Standing Rock, yaani waandamanaji waliopinga bomba, walirushiwa maji huku joto likiwa chini ya sifuri. Katika hali hiyo betri iliyojaa inaweza kuzima mapema sana. Weka mbili za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili, uzizungushe; iliyopoa ikipata joto hurudisha sehemu ya nguvu. Kabla ya kuingia kwenye hema lenye joto, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki na uiache humo saa moja au mbili, ili umande ugande nje ya mfuko, usiingie kwenye lenzi. Kadi ya kumbukumbu itoe kabla ya kufunga mfuko, la sivyo utakaa saa mbili ukisubiri picha zako mwenyewe. Penye mabomu ya machozi usibadilishe lenzi. Vumbi lake likiingia ndani, kulitoa ni kazi ya fundi.

Swali: Nikifunika nyuso kwa ukungu kabla ya kuweka picha mtandaoni, inatosha?

Jibu: Haitoshi. Ukungu mwepesi au miraba mikubwa, programu wakati mwingine huweza kukisia kilichofichwa. Weka kiraka kizito cha rangi moja, unganisha tabaka zote, kisha hifadhi kama faili jipya. Faili halisi usiliguse.

Lakini uso si kitu pekee kinachomtaja mtu. Katika jamii nyingi za asili, sketi ya riboni, mkufu wa shanga au kizibao vimeshonwa na mama au bibi, na hakuna kingine kama hicho duniani. Umefunika uso, umeacha kifua kizima cha shanga ambazo kijiji chote kinazijua, na polisi wana picha ya mtu huyohuyo akiwa sherehe ya mwaka jana. Angalia pia tatuu, viatu, na namba ya gari iliyojitokeza nyuma.

Faili nalo linasema. GPS izime kwenye simu na kamera kabla ya kuondoka nyumbani, na kumbuka kamera nyingi huandika namba yake ya kiwandani ndani ya kila picha. Unapotoa nakala ya mtandaoni, chagua kuondoa data zote isipokuwa maelezo na jina lako. Simu ifungwe kwa tarakimu sita au zaidi, si kwa kidole wala uso.

Hata hivyo usifunike kila mtu kwa pupa. Msemaji au mzee aliyesimama mbele kwa makusudi ili aonekane, ukimfuta uso umemfuta yeye. Muulize.

Swali: Mhariri alibadilisha maelezo ya picha yangu yakawa “Wenyeji wakiandamana”. Nilikosea kulalamika?

Jibu: Hukukosea. Picha maarufu zaidi ya mgogoro wa ardhi ya Wamohawk kule Oka, Kanada, ile ya tarehe 1 Septemba 1990 ya askari na mpiganaji aliyejifunika uso wakitazamana pua kwa pua, ilipigwa na Shaney Komulainen. Mtu aliyejifunika alikuwa mwanafunzi wa taifa la Ojibwe, lakini kwa miaka mingi ametajwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, Mmohawk. Picha nzuri, maelezo mabovu, na kosa linazidi kunakiliwa.

Andika vitu vitano: nani, wa taifa gani kwa tahajia wanayoitumia wenyewe, anafanya nini, wapi na tarehe gani, na kwa nini wako pale. Linganisha “Wenyeji wakiandamana” na hii: “Walinzi wa maji, kama wanavyojiita wanaopinga bomba la Dakota Access, wakiwa kwenye daraja la Backwater karibu na Standing Rock, 20 Novemba 2016.” Ya pili haikuchukua upande, imesema neno ni la nani. Tahajia za majina ya asili ya Kanada, kama Wet'suwet'en au Kanehsatà:ke, ziandike ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu ya maelezo, siyo kwenye barua pepe tu, kwa sababu barua pepe hupotea na alama hudondoka njiani.

Swali: Haki ya picha ni yangu au yao?

Jibu: Katika nchi nyingi hakimiliki ni ya aliyepiga, isipokuwa umeajiriwa au mkataba unasema vingine. Ila unaweza kuwapa jamii leseni ya maandishi, aya moja tu: watumie bila malipo, bila kikomo cha muda, kwa kazi zao, mahakamani na kwenye kumbukumbu zao. Ndani ya siku saba wapelekee JPEG za pikseli 3000 upande mrefu, na faili ghafi kwenye diski wakizitaka. Hifadhi za picha za kibiashara zikwepe, maana uso wa bibi wa watu unaweza kuishia kwenye tangazo la bima. Na kila picha uliyoombwa uifute, ifute pia kwenye kadi ya pili. Kamera zenye nafasi mbili za kadi zinaweza kuandika kote kuwili, na watu husahau.