Maswali na majibu ya sataranji: Ufunguzi mmoja, michezo 60

Safari iliyopita niliandika kwamba mchezaji wa kawaida achague ufunguzi mmoja wa kete nyeusi, aucheze michezo 60 kabla ya kutamani mwingine. Nilitolea mfano Caro-Kann, yaani 1.e4 c6 halafu 2.d4 d5. (Kwa mgeni wa maandishi haya: N ni farasi, B askofu, Q malkia, isiyo na herufi kubwa ni askari, x ni kula, na nukta tatu ni hatua ya nyeusi.) Wapo waliokubali na wapo walionuna. Majibu ni haya.

Shikamoo mwalimu. Nimecheza Caro-Kann wiki 2, nimepigwa michezo 7 kati ya 9. Nataka kuhamia Sicilian (1.e4 c5), nianze na njia ipi? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Usianze na yoyote. Rudisha ile michezo 7, kaa nayo mezani, na kwenye kila mmoja tafuta hatua uliyotoa kete au askari bure kwa mara ya kwanza. Andika namba ya hatua hiyo. Ukikuta ni ya 19, ya 24, ya 31, basi ufunguzi hauna kesi ya kujibu. Umepigwa kwa sababu hukutazama mwenzako anatishia nini, na huko Sicilian utapigwa vilevile, tena mapema zaidi, maana ule ufunguzi una njia nyingi kali zisizosamehe.

Ugonjwa huu ni wa wengi: mtu akipigwa mara 3 anabadilisha ufunguzi, akipigwa 3 tena anabadilisha. Mwaka ukiisha anajua hatua 5 za kwanza za funguzi 8, na hatua ya 6 ya ufunguzi hata mmoja haijui.

Nunua kaunta buku ya kurasa chache na uigawe safu 4: tarehe, hatua niliyotoka nje ya ninachokijua, hatua ya boko la kwanza, na sababu ya boko kwa maneno yasiyozidi matano ("sikuona farasi wa e5", basi). Cheza kwa saa ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10. Ikipungua hapo hufikirii, unapapasa tu. Mchezo ukiisha, kaa dakika 15 bila programu ya uchambuzi, jaribu mwenyewe kusema ulikosea wapi. Ndipo uifungue programu. Kila mchezo ongeza hatua moja tu kwenye unachokijua, usiongeze kumi, kwa sababu zile tisa utazisahau kabla ya kushuka Ubungo. Michezo 3 au 4 kwa wiki ya namna hiyo, 60 inatimia ndani ya miezi minne au mitano. Kama unaona ni mingi, drafti ya vizibo ipo kila kona na haina ufunguzi wa kukariri.

Kuna ufunguzi usioshindwa? (Msomaji, Gongo la Mboto)

Hakuna.

Nafuata hatua zilezile lakini askofu wangu anafia g6. Programu inasema kosa ni hatua ya 6, Nd7. Mbona Nd7 ipo kwenye njia kuu? (Msomaji, Kigamboni)

Hili swali nimelipenda, maana ndilo linalotenganisha aliyekariri na aliyeelewa. Njia kuu inakwenda hivi: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Bf5 5.Ng3 Bg6 6.h4 h6 7.Nf3 Nd7 8.h5 Bh7 9.Bd3 Bxd3 10.Qxd3 e6. Nd7 ipo kweli, lakini ni ya 7. Ya 6 ni h6.

Panga kete mezani mpaka 6.h4, kisha mtazame askofu wa g6. Askari wa h4 anataka kwenda h5. Akifika, askofu akimbilie wapi? f5 anasubiriwa na farasi wa g3. e4 farasi huyohuyo. d3 analiwa na askofu wa f1. c2 analiwa na malkia. Akimla askari wa h5, farasi na ngome wote wanamgombania. Hana pa kwenda. Kazi ya h6 ni moja: kumfungulia mlango wa h7. Ukitanguliza Nd7, 7.h5 inamkamata na utapata askari mmoja badala ya askofu mzima.

Na kwa nini Nd7 inakuja mara tu farasi mweupe akitokea f3? Kwa sababu farasi huyo anaitaka e5, na wa d7 anaizuia. Kwa hiyo usikariri "h6, Nd7". Kariri "h4 inaita h6, Nf3 inaita Nd7". Hatua ya mwenzako ndiyo inayokuambia zamu ni ya nani.

Kuchanganya mpangilio hakukuanza kwako. Tarehe 11 Mei 1997, New York, Garry Kasparov alicheza Caro-Kann kwenye mchezo wa 6 na wa mwisho dhidi ya kompyuta ya IBM, Deep Blue. Alichukua njia ya 4...Nd7, na baada ya 5.Ng5 Ngf6 6.Bd3 e6 7.N1f3 kawaida ni 7...Bd6. Yeye akacheza 7...h6. Kompyuta ikamtoa farasi kafara, 8.Nxe6, mfalme mweusi akalazimika kwenda d8 bila kujifungia ngome (mfalme kusogea pembeni na ngome kumruka, kwa hatua moja), na bingwa wa dunia akasalimu amri katika hatua ya 19. Hatua ya h6 ni ileile inayokuokoa wewe kwenye njia ya Bf5, ila kule ilikuja mahali pasipo pake.

Nikuongezee onyo ambalo hukuliuliza. Mkono una mazoea kuliko kichwa. Kwenye mashindano ukigusa kete umecheza kete hiyo, na "samahani, nilitaka h6" haikubaliki. Tazama kwanza, mkono ukae pajani.

Jamaa wa kijiweni kwetu hachezi d4. Anatoa farasi wote wawili, mimi naendelea na hatua zangu za Bf5, na kila mara ananimaliza upande wa mfalme. (Msomaji, Magomeni)

Jamaa yako anajua anachofanya. 1.e4 c6 2.Nc3 d5 3.Nf3. Ukijibu 3...dxe4 4.Nxe4 Bf5 kama ulivyozoea, anakwenda 5.Ng3 Bg6 6.h4 h6 7.Ne5. Linganisha na jibu la Kigamboni hapo juu. Kule mwenye nyeupe alitumia hatua moja kwa d4, kwa hiyo farasi wake alichelewa f3 na Nd7 yako ikawahi. Huku farasi yuko f3 tayari, anatua e5 kabla hujapumua.

Kisha 7...Bh7 8.Qh5, anatishia mati f7, yaani kumuua mfalme. Unacheza 8...g6 ukimfukuza malkia, naye anajibu 9.Bc4 kana kwamba hajakusikia. Ukimla malkia, 10.Bxf7 ni mati: askofu analindwa na farasi wa e5, farasi huyohuyo anaziba d7, na kete zako mwenyewe zimeziba d8, e7 na f8. Usipomla, ukicheza 9...e6, malkia anarudi e2 na wewe umebaki na upande wa mfalme uliotobokatoboka.

Dawa ni 3...Bg4. Akikuuliza kwa 4.h3, mle farasi, 4...Bxf3 5.Qxf3 e6, mchezo umetulia na farasi wa kwenda e5 hayupo tena. Cheza hivyo michezo 10 mfululizo dhidi yake. Atachoka yeye kwanza.

Naomba ufunguzi wa kumpiga mtu kwa hatua 4. (Wasomaji watatu, sehemu tofauti)

Hili linakuja kila safari na jibu ni lilelile. Mati ya malkia h5 na askofu c4 inamuua anayejifunza leo. Keshokutwa hatakufa, na malkia wako atakuwa anakimbizwa uwanja mzima huku mwenzako akitoa kete zake moja moja.

Kama mnapenda mati za mapema, jueni iliyopo ndani ya Caro-Kann yenyewe, na anayekufa ni mwenye nyeusi: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nd7 5.Qe2 Ngf6 6.Nd6. Askari wa e7 anamwona farasi lakini hawezi kumla, kwa kuwa akiondoka mfalme anabaki uso kwa uso na malkia wa e2. Hatua ya Ngf6 ndiyo ambayo mkono uliokariri huicheza bila kutazama. Mkiona malkia ametua e2 mapema namna hiyo, jiulizeni kaja kufanya nini.

Kila ninayecheza naye anakula d5, mchezo unakuwa mkavu, tunatoka sare au napigwa mwishoni. (Dada, Mbezi)

Mchezo si mkavu, dada, ni kwamba hujapewa kazi ya kufanya. 3.exd5 cxd5 4.Bd3 Nc6 5.c3 Nf6 6.Bf4 Bg4 7.Qb3 Qd7, malkia akilinda b7. Baadaye e6, Bd6 ili kubadilishana na yule askofu wake mzuri wa f4, kisha mfalme ajifungie.

Sasa tazama askari. Upande wa malkia yeye ana wa a2, b2, c3 na d4. Wewe una a7, b7 na d5, na njia ya c (mstari wa c wa kwenda mbele) iko wazi kwa ngome zako. Peleka ngome b8, msukume askari wa b mpaka b5 na b4. Wachache wanawashambulia wengi, na ndiyo raha yake. Ukila c3 naye akala kwa askari wa b, wa c3 anabaki peke yake njiani, bila jirani wa kumlinda, ngome zako zikimkodolea. Akila yeye b4, wa d4 ndiye anayepoteza mlinzi.

Usidharau, maana naye ana kazi yake: farasi e5 na mashambulizi upande wa mfalme. Mwaka 1970 kule Belgrade, Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa baadaye, alimpiga Petrosian, bingwa wa zamani, kwa njia hiihii ya kula d5, na Petrosian hakuwa mtu wa kupigwapigwa. Ukiona farasi anaizoea e5, usiendelee kusukuma b kama hujaona.

Nikicheza ufunguzi mmoja siku zote, wapinzani si watanizoea? (Msomaji, Sinza)

Fischer alifungua kwa e4 karibu maisha yake yote, dunia nzima ikijua, na kubadilisha kwake hadi 1.c4 kwenye mchezo wa 6 wa kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Spassky, Reykjavik 1972, kulikuwa habari kwa sababu hiyo. Wewe na mimi hakuna anayekesha kutuandalia. Na anayekuandalia njia ya hatua 12 anakufundisha bure, andika kwenye kaunta buku.

Na mtu akianza na d4? (Msomaji, Mbagala)

1...d5 2.c4 c6. Hii ni Slav, na askari wa c6 na d5 utawatambua, ni walewale. Angalizo moja: usimtoe askofu f5 haraka kama ulivyozoea. Baada ya 3.Nf3 Nf6 4.Nc3, ukicheza Bf5 moja kwa moja, anakula d5 kisha Qb3 na b7 inalia. Kula kwanza, 4...dxc4, akija 5.a4 ndipo 5...Bf5.

Bando langu dogo, huwa nacheza michezo ya dakika moja nikiwa kwenye daladala. Inahesabika kwenye 60? (Msomaji, Kimara)

Haihesabiki hata mmoja. Mchezo wa dakika moja unafundisha kidole, na kosa lililorudiwa mara 200 linakuwa tabia. Bando si kisingizio: hatua za sataranji ni maandishi machache, hazili data kama video. Lichess ni ya bure, haina matangazo, na ina sehemu ya kuhifadhi michezo yako na kuichambua. Kinachomaliza bando lako ni zile video za "mtego wa siri", ambazo mwenzako naye ameziona jana.

Na kwa kuwa tumefika huko: kufungua programu ya uchambuzi wakati mchezo unaendelea ni wizi. Mitandao hiyo inawafungia watu akaunti, na kufungiwa kwenyewe ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba ile michezo 60 imechezwa na simu.

Mwanangu ana miaka 8, anajua kete zinavyokwenda. Nimwanzishe Caro-Kann? (Mzazi, Upanga)

Bado. Mpe 1.e4 e5 pande zote mbili, farasi na maaskofu watoke, mfalme ajifungie kabla ya hatua ya 8, na ajue kumuua mfalme kwa ngome moja na mfalme wake bila kusaidiwa. Mcheze kwenye ubao wa mezani, simu iwekwe mbali. Akianza kukuuliza kwa nini askofu wa c8 hapati njia askari akishasogea e6, mwonyeshe c6.