"Yasiyo ya jeni" si "yasiyo ya kurithi"

Swali: Ninasomea uuguzi hapa Bukavu, na ninaandaa maelezo ya Kiswahili juu ya saratani kwa akina mama wa Kadutu. Masomo yetu ya Kifaransa yanasema seli za uvimbe hubadilika pia kwa njia isiyohusu jeni. Niandike "mabadiliko yasiyo ya kurithi"? Na seli "zimebadilika" au "zimejibadilisha"?

Jibu: Ndugu, "yasiyo ya kurithi" liache kabisa. Mama wa Kadutu akisikia kurithi anawaza mzazi na mtoto, naye ataelewa kwamba ugonjwa hauko katika ukoo wake. Hilo ni jambo jingine. Hitilafu nyingi za jeni ndani ya uvimbe hutokea mtu akiwa ameshazaliwa, kwa hiyo hata mabadiliko ya jeni kwa kawaida hayatoki kwa wazazi. Na haya yasiyo ya jeni, seli zenyewe hurithishana: vikundi vya methili, yaani alama ndogo za kikemikali zilizobandikwa juu ya DNA (molekuli inayobeba jeni), hunakiliwa seli inapogawanyika, na seli changa zikaendelea na tabia ileile. Neno lako linapotosha pande zote mbili.

Andika "seli imebadili tabia, jeni zake zikiwa vilevile". Ni ndefu, lakini inasema kweli: mpangilio wa DNA haukuguswa, kilichobadilika ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa.

"Zimejibadilisha" linaipa seli nia, kana kwamba imepanga kukwepa dawa. "Zimebadilika" linatosha.

Hukuuliza, ila utalihitaji: tenga "sugu" na "vumilivu". Katika utafiti wa 2010 juu ya seli za saratani ya mapafu ziitwazo PC9, dawa iliua karibu zote. Chini ya 1 kwa mia zilibaki hai, nyingi zikiwa zimeacha kugawanyika. Zilipokaa bila dawa, vizazi vyao vilianza tena kuuawa na dawa ileile. Hizo ni vumilivu. "Sugu" liwekee seli ambazo dawa haiziwezi tena hata baada ya mapumziko, kwa mfano zile zilizopata badiliko la jeni. Seli vumilivu zikikaa muda mrefu chini ya dawa, baadhi huishia kuwa sugu. Ukiziita zote "sugu", mgonjwa ataamini dawa yake imeshindwa moja kwa moja, na huenda akaacha kurudi kliniki.