Mtoto ana tundu moyoni, daktari kasema tungoje uzito. Tunangoja vipi?

Dada, pole na safari. Umeuliza mambo mawili. Mwanao wa miezi miwili ana tundu moyoni, kapewa dawa na kuambiwa arudi akishaongeza uzito, nawe huoni uzito huo utatoka wapi ikiwa kunyonya kwenyewe kunamchosha. La pili, mavyaa wako, mama wa mumeo, anasema huyo ana nyuni, maradhi ya watoto yanayosemwa huletwa na pepo, na hospitali haiyajui hayo. Nakujibu kama mama niliyepitia, mimi si daktari. Wangu alikuwa na tundu kubwa kwenye ukuta wa vyumba vya chini vya moyo, lile wanaloandika VSD kwenye karatasi. Keshapasuliwa, sasa yuko nasari na makelele yake majirani ndio wanaoyajua.

Jua kwanza kwa nini hanenepi. Damu inayotakiwa kwenda mwilini inapenya tunduni na kurudi mapafuni, mapafu yanajaa, moyo unafanya kazi maradufu, na mtoto anahema hata akiwa amelala. Maziwa anayokunywa yanaishia kwenye kuhema. Wiki za mwanzo presha ya mapafu bado iko juu, kwa hiyo damu haipenyi sana na mtoto anaonekana mzima. Ikishuka, kwenye mwezi wa kwanza au wa pili, ndipo mambo yanaanza. Ndiyo maana utasikia wakisema "alizaliwa salama, ni jicho la watu." Si jicho, wala si kitu ulichokula, wala si ule ugomvi wako na babake. Moyo wa mtoto unaumbika ndani ya miezi miwili ya kwanza ya mimba, wakati wengine hata hawajajua kama wana mimba. Mwambie hivyo kila atakayekunyooshea kidole.

Mimi kilichonitia shaka ni jasho. Najua, Mombasa mwezi wa Februari nani asiyetoka jasho? Lakini wangu alikuwa akishika ziwa tu, kipaji na kisogo vinalowa, feni inampuliza, na mtoto wa wifi yangu amelala kando yake mkavu kabisa. Kituo cha kwanza nilichokwenda walinipa dawa ya nimonia, tukarudi, wakanipa tena. Mpaka daktari wa watoto mwingine alipomwekea kipimo kifuani akakaa nacho muda mrefu, akasema anasikia mvumo, twende tukapige picha ya moyo.

Sasa kunyonya, ambako ndiko kazi yote iliko. Usimwache ziwani saa nzima ukidhani ndiyo anashiba. Akipita nusu saa, anachoma zaidi ya anachoingiza. Sisi tulikuwa tunamnyonyesha kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, nikiona anaanza kuhema au kulegea namtoa, kisha namalizia kwa maziwa niliyokamua, kwa kikombe kidogo. Yale ya mwisho wa ziwa ndiyo mazito yenye mafuta, basi usimhamishe upesi kwenda ziwa la pili. Mshike kichwa kikiwa juu. Kama bado haongezeki, usingoje kliniki ya mwezi ujao, rudi uulize kuhusu kuongezewa nguvu kwenye maziwa au mpira wa kulishia wa puani. Mpira unatisha kuutazama, najua, lakini kuna watoto uliowaokoa miezi mizima. Jambo la kuongeza kitu kwenye maziwa waachie wao wapime, usijaribu mwenyewe na unga wa maduka. Na asali asionje kabla ya mwaka, hata kidole.

Dawa: ile ya kukojoza ndiyo itakayokupa nepi nyingi, usishtuke. Pima kwa sirinji, si kwa kijiko cha chai. Akitapika baada ya kunywa, usimrudishie dozi kabla ya kuwauliza, na akiharisha au akitapika mfululizo mpeleke siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto anayekunywa dawa hiyo hukaukiwa maji upesi, na joto la huku halimsaidii.

Mavyaa wako usigombane naye. Wangu alikuwa na chetezo tayari, ubani, udi na mafusho mengine aliyoletewa kutoka Kisauni. Nilimwambia, "Mama, daktari kakataza moshi, dua hakuikataza." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na kombe?" Kombe ni maji yaliyooshea aya za Kurani, ya kunywa. Nikamwambia hanywi chochote ila maziwa na dawa mpaka afike miezi sita, lakini kusomewa asomewe hata kutwa mara kumi. Akakubali. Tukautoa na ule moshi wa dawa ya mbu tukatundika chandarua, na jiko la makaa likahamia uani. Mapafu ya mtoto huyu yana kazi ya kutosha tayari.

Halafu nikampa kazi, na hapa ndipo alipogeuka akawa upande wangu. Nesi alitufundisha kuhesabu pumzi mtoto akiwa amelala, dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili. Mavyaa akawa anatumia tasbihi. Anaketi kitandani, macho kwenye saa ya ukutani, kila kifua kikipanda anasukuma punje moja. Dakika ikitimia anaita, "Hamsini na mbili!" nami naandika kwenye daftari. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60 kwa dakika, au wa zaidi ya hapo mpaka mwaka akifika 50, kwa kawaida huhesabiwa anapumua mbio. Watoto wa moyo wengine huwa juu ya hapo siku zote, kwa hiyo muulize daktari wako idadi ya kawaida ya mwanao ni ipi, na ikizidi vipi ukimbie. Kwetu mambo ya kukimbia nayo hospitali bila kungoja asubuhi yalikuwa haya: mbavu kuvutika ndani, midomo au ulimi kuwa wa buluu, kukataa ziwa kabisa, kulegea. Daktari alipoyaona yale madaftari alimuuliza mavyaa kama amewahi kuwa nesi. Mpaka leo anatusimulia.

Chanjo usiruke. Ile ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14 ndiyo anayoihitaji kuliko watoto wengine. Mwenye mafua asimbebe, hata akinuna.

Kuhusu pesa sitasema mengi, kila nyumba na yake. Chukua cheti cha kuzaliwa mapema umsajili mtoto chini yako kwenye SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uliza mapema wanalipa kiasi gani cha operesheni. Nenda pia kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali ya Mater kule Nairobi imekuwa na mbio za kuchangia watoto wa moyo miaka mingi, nako ulizia.

Sisi tulipasuliwa Nairobi. Tulipanda treni Miritini, dawa na maziwa mkononi, si kwenye begi la juu. Muulize daktari kabla ya kusafiri, maana Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na ukifika mwezi wa Julai bila sweta utajuta. Baada ya operesheni utamkuta chumba cha mahututi na mirija kila mahali. Nesi aliniambia nimguse nyayo. Zilikuwa na moto, na wangu siku zote alikuwa na nyayo baridi.

Ukirudi kliniki waulize haya: tundu lina milimita ngapi, liko sehemu gani ya ukuta, na presha ya mapafu ikoje. Madogo, hasa yaliyo kwenye nyama ya ukuta, mengi hujifunga yenyewe. Makubwa hayangojwi miaka, kwa sababu mishipa ya mapafu ikishakakamaa operesheni haiwezekani tena. Kwa hiyo wakisema "ngojeni", waulize mpaka lini na mpaka kilo ngapi, waandike kwenye kijitabu cha kliniki. Ukishapata majibu yaandike hapa, kuna kina mama wengine humu ambao watoto wao walikuwa na tundu dogo na hawakupasuliwa, watakueleza upande wao.